Mama Cuthbert na Maji ya Nalyonga

Vijana wa kituo mmeniomba niwaandikie jinsi kazi yetu ilivyokuwa zamani, kabla sijazoea kulala mpaka jua liwake. Nimekubali, ila habari za vyeo nitaziruka, maana vilichelewa kuja, na habari za mishahara nitaziruka vilevile, maana yenyewe haikuchelewa kuisha. Nitaandika zaidi habari za mtu mmoja aliyenifundisha kuongoza watu, kazi ambayo niliingia bila kuiomba na bila kuijua.

Mimi ni mtu wa Mkunya, wilaya ya Newala. Aliyezaliwa mlimani kwetu hahitaji kuelezwa habari za maji. Udongo wetu unapenda mikorosho na muhogo, lakini mvua ikinyesha unainywa yote, na chemchemi ziko chini bondeni, mahali ambapo mama zetu walishuka alfajiri na kurudi jua likiwa kali. Mama yangu alikuwa na kipara kidogo utosini, pale alipozoea kuweka ndoo. Nilipopata kazi kwenye kituo cha kusukuma maji kutoka bondeni kuja mlimani, alinishika mkono akasema, "Hassani, ukiharibu huko, mimi ndiye nitakayeshuka." Sikupata maelezo mengine ya kazi yaliyokuwa wazi kuliko hayo.

Siku ya kwanza nilipokelewa na Mzee Issa, mfungua vali wetu. Yeye ndiye aliyepita na baiskeli kwenye laini yote ya bomba, kufungulia kijiji hiki na kufungia kile. Alinipa bisibisi ndefu, akaniambia niweke ncha yake kwenye kifuniko cha beringi ya pampu na mpini nishikize sikioni.

"Unasikia nini?"

"Kelele, mzee."

"Basi hujasikia bado. Utarudia kesho."

Nilirudia kesho, na keshokutwa, mpaka siku moja nikasikia ndani ya zile kelele kitu kama mtu anayetafuna mchanga. Nikamwita. Akasikiliza, akanitazama, akasema tu, "Kalete spana." Beringi ile tuliitoa kabla haijatuharibia mashine. Mpaka leo nikiingia kwenye nyumba ya pampu naanza na sikio, mita na sindano zake baadaye. Vijana wa vitufe mnanicheka, nalijua hilo, na naendelea.

Kisha zikaja zile nyakati za ruksa, biashara ilipofunguliwa. Madukani Masasi vitu vilirudi: redio, vitenge, sabuni zenye harufu, mitumba ya kila rangi. Tulifurahi, hakuna aliyetaka kurudia foleni za sukari. Lakini gasketi ya pampu yetu haikuwa miongoni mwa vitu vilivyorudi. Wafadhili waliojenga mradi walikuwa wameshafunga mizigo, stoo ya vipuri ilibaki na rafu safi na panya, na wananchi waliozoea maji ya bure wakaambiwa sasa wachangie. Tulikata gasketi kwa mkasi kutoka kwenye mipira ya matairi ya lori. Halafu ikaja habari ya punguzo la wafanyakazi, na asubuhi moja tukajikuta tumebaki nusu ya watu na mabomba yaleyale.

Hapo ndipo alipoletwa Mama Cuthbert kuwa msimamizi wetu.

Jina lake lilikuwa Edith, lakini hapa kwetu nani anamwita mama mzima kwa jina lake? Cuthbert alikuwa mwanawe wa kwanza. Alikuwa mtoto wa familia za Kianglikana za Masasi, zile zilizokuwa misheni tangu enzi za mababu. Baba yake alikuwa mwalimu wa kanisa, na mume wake alifundisha shule Lisekese. Yeye alisomea ufundi sanifu wa maji wakati wasichana wenzake walipopelekwa kwenye uuguzi na ualimu. Alikuwa mfupi, na miwani yake ilikuwa imefungwa kwa waya upande mmoja. Gauni lake la kitenge alilivalia buti za mpira.

Tulijipanga kusikiliza hotuba. Hakuhutubu. Aliuliza chujio la chanzo lilisafishwa lini. Tukatazamana. Akasema twende. Kufika kwenye chanzo, akaanza kukunja gauni.

"Mama, wewe kaa juu, tutaingia sisi," Mzee Issa akamwambia.

"Nikikaa juu, nitajuaje maji yana baridi kiasi gani?"

Akaingia mpaka kiunoni. Tulitoa majani, matope, na kobe mmoja aliyekuwa hajaridhika na mipango yetu. Tangu siku hiyo hakuna mwanaume wa kituo aliyeuliza tena kama mwanamke ataweza kazi ile.

Alikuwa na tabia moja tuliyoiona ya ajabu mwanzoni. Kila tulipomaliza kazi kubwa, iwe imekwenda vizuri au vibaya, alichukua kigoda chake, akakaa nje ya nyumba ya pampu na kikombe cha chai ya tangawizi, akiangalia mbele, kimya. Hakuna aliyemsogelea. Siku moja nilimuuliza anawaza nini.

"Najihoji," alisema. "Baba yangu alikuwa akifanya hivyo kila jioni kabla ya sala. Mashine imezimika leo. Nyinyi mnasema dizeli ilikuwa chafu. Sawa. Lakini mimi nilifanya nini, au niliacha kufanya nini, mpaka dizeli chafu ikaingia?"

"Si kosa lako, Mama. Dizeli ilikuja chafu."

"Sijasema kosa langu. Nimesema najihoji."

Wenzangu walimpa jina la utani. Akishachukua kigoda tu, mmoja anamnong'oneza mwingine: "Mama yuko mahakamani." Tulicheka, lakini tuliona matunda yake. Kosa alilolihoji kwenye kigoda halikurudi mara ya pili. Dizeli tukaanza kuichuja kwa kitambaa cha kanga, na mapipa tukayaacha yatulie kwanza kabla ya kuchota. Mtu akichelewa kazini, yeye alianza kwa kujiuliza kama alimpangia zamu inayowezekana. Nilikuwa sijawahi kumwona kiongozi anayeanza uchunguzi nyumbani kwake.

Sasa nije kwenye kiangazi cha Nalyonga.

Kiangazi hicho shafti ya pampu kubwa ilikatika. Haikuwa na mbadala, wala pa kuiagiza. Mama Cuthbert aliipakia kwenye lori la korosho akaipeleka mwenyewe Ndanda, kwenye karakana ya misheni, nao wakakubali kuchonga mpya wakipata chuma cha kufaa. Tulibaki na pampu ndogo, ambayo ilikuwa kama punda mmoja kubebeshwa mzigo wa wanne. Hata kabla lori halijapatikana, ikabidi maji yaanze kugawanywa kwa zamu, kila kijiji siku yake.

Zamu ile aliipanga yeye. Alikaa na kalamu siku nzima, akatazama saa za kusukuma, ukubwa wa vijiji, akagawa kwa haki kabisa. Hakuna aliyependelewa, hata mji wenyewe wa Newala, na hilo lilimletea maneno kutoka kwa wakubwa. Tulijivunia. Mzee Issa akapanda baiskeli yake: asubuhi anafungua vali ya kijiji chenye zamu, jua likizama anaifunga ili kesho aende kwingine.

Nalyonga kilikuwa kijiji cha mwisho kabisa kwenye laini.

Haukupita muda mrefu habari ikatufikia. Wanawake wa Nalyonga walikwenda mpaka kwenye chemba ya vali iliyo mbali juu ya kijiji chao, wakavunja kufuli, wakapitisha mchi wa kinu kwenye usukani wa vali, wakauzungusha kwa nguvu zao zote. Shina la vali likapinda. Maji yakamwagika porini, tangi letu la mlimani likakauka, na vijiji vingine vyenye zamu zao vikakosa.

Kituoni watu walichemka. Sisi tunalala na grisi mwilini, na mtu anakuja na mchi! Bosi wetu wa wilaya alikuja na gari, uso umemvimba. Alitaka majina ya wanawake hao yapelekwe polisi mara moja, wawe mfano.

Mama Cuthbert alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mzee, polisi wapo tu, hawatakimbia. Vali ikishatengenezwa, naomba nikae Nalyonga siku ya zamu yao. Nikirudi tutazungumza."

"Ukakae kufanya nini?"

"Kuteka maji."

Aliniambia nifuatane naye. Tulifika asubuhi mapema, Mzee Issa akiwa ameshafungua vali. Bombani foleni ya ndoo ilikuwa ndefu, na wanawake walipotuona walisimama wote. Mbele yao alikuwa mama mmoja mrefu, mkavu, aliyejifunga kanga kifuani: Mama Asha, kiongozi wao. Tukaamkiana vizuri, maana hata ugomvi kwetu unaanza na salamu. Halafu akauliza, "Mmekuja kutukamata?"

Mama Cuthbert akamwonyesha ndoo aliyokuja nayo kutoka nyumbani kwake. "Nimekuja kupanga foleni. Wa mwisho nani?"

Wakamwonyesha. Akaenda akakaa.

Saa zikapita. Bomba lilipiga mluzi, upepo ukatoka, kisha likanyamaza. Likapiga tena mluzi. Kina mama walikuwa wamelizoea. Hakuna hata aliyeinua kichwa. Mchana Mama Asha alileta ming'oko ya kuchemsha, vile viazi pori vyetu, kwenye ungo, akatugawia bila kusema neno, kwa sababu mgeni hata akiwa adui yako hakai na njaa. Mama Cuthbert alimenya, akala, macho kwenye bomba. Niliona ameanza kuliangalia jua pia.

Jua lilikuwa limeshainama ndipo maji yalipokuja. Yalikuja na kutu, kisha yakawa meupe, uzi mwembamba. Ndoo za mbele chache zikapata. Kisha uzi ukakatika. Juu kule Mzee Issa alikuwa amefunga vali, kama alivyoagizwa.

Mama Asha aligeuka. "Umeona? Hayo ndiyo maji yetu. Tukae tena mpaka zamu ijayo."

Nilimtazama Mama Cuthbert. Alikuwa amesimama na ndoo yake tupu, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeitwa jina lake ghafla.

"Bomba lilikuwa tupu," alisema polepole. "Maji yote ya siku nzima yamekwenda kulijaza bomba. Likishajaa, zamu imekwisha. Siku zinazofuata linayamwaga huko njiani, linakuwa tupu tena." Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni. "Mimi nilihesabu maji yanayotoka kwangu. Sikuhesabu yanayofika kwenu."

Hakutaka turudi. Tulilala kijijini, yeye kwa Mama Asha, mimi kwa mwenyekiti. Alfajiri nilipoamka nikaambiwa Mama Cuthbert ameshuka mtoni na kina mama. Niliwakuta wakipanda. Njia ile ni ya kupanda kwa mikono na magoti mahali pengine. Katikati ya mstari wa wanawake nilimwona na ndoo kichwani, buti zimejaa mchanga, anahema, gauni limelowa kwa maji yaliyomwagika. Alipofika juu ndoo ilikuwa imebaki nusu. Kina mama wakampigia vigelegele, na Mama Asha, ambaye nilidhani hana meno ya kucheka, alicheka mpaka akashika mti. "Ungeanza na ndoo ndogo, dada yangu," alimwambia. Nikaona amepanda cheo, kutoka "nyinyi" mpaka "dada yangu."

Siku ileile akaomba kijiji kikutane. Mwenyekiti alikuwa tayari kutoa majina. Alitaka kijiji chake kitoke kwenye lawama. Mama Cuthbert akamkatalia.

"Vali mmeivunja, na si jambo zuri. Kuna watoto wa vijiji vingine wamekaa na kiu kwa ajili ya mchi ule. Hilo mlijue. Lakini zamu niliipanga mimi. Nikiwakamata nyinyi, nitakuwa nimemkamata mtu wa pili na wa kwanza nimemwacha anatembea. Majina siyachukui."

Watu hawakupiga makofi. Walimpa mkono mmoja mmoja, wakaondoka.

Ningeweza kuishia hapo na ingekuwa habari nzuri ya kiongozi mwungwana. Lakini ninachomheshimia zaidi kilikuja siku iliyofuata, kituoni.

Alituita wote. Kigoda chake, ambacho siku zote kilikaa nje peke yake, alikiingiza ndani akakiweka katikati yetu. Akasimulia aliyoyaona. Kisha akauliza, "Nani kati yenu alijua maji hayafiki Nalyonga?"

Mimi kwa kweli nilikuwa sijui. Kazi yangu ilikuwa bondeni. Lakini niliona wenzangu wa kwenye laini wanatazama viatu.

Mzee Issa akakohoa. "Mimi, Mama. Nilikuambia."

"Uliniambia lini?"

"Siku tunayopakia shafti kwenye lori. Nilisema, Nalyonga naona maji hayafiki, sijui kwa nini. Ukasema, 'Mzee Issa, zamu imeshapangwa, funga kamba.' Nikafunga kamba."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama anayetoa taarifa ya vali. Nilimwona Mama Cuthbert akitafuta kumbukumbu ile, na nilimwona alipoipata.

"Kweli," alisema. "Ulisema. Nilikuwa na haraka ya lori." Akainuka. "Mzee Issa, nilikukatisha mbele ya hawa wote, kwa hiyo nakuomba radhi mbele ya hawa wote. Wewe ni mkubwa wangu kwa umri na kwa kazi hii. Nisamehe."

"Yamekwisha, Mama," alijibu Mzee Issa, ameinamisha kichwa kwa aibu, maana alikuwa hajazoea kuombwa radhi na wakubwa. Hakuna kati yetu aliyezoea.

"Bado hayajaisha. Na nyinyi wengine? Mlipita njia ileile."

Mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Tulimsikia Mzee Issa alivyojibiwa. Tukasema, basi, Mama ameshapanga."

Mama Cuthbert akakaa tena. Alitutazama mmoja mmoja, na alipoanza kusema sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Najua mnasema niko mahakamani nikikaa kwenye kigoda hiki. Mmesema kweli kuliko mlivyojua. Miaka yote nimekaa hapa mshtakiwa mimi, shahidi mimi, hakimu mimi. Kesi ya hivyo, mshtakiwa ana bahati sana. Najihoji kwa yale ninayoyakumbuka tu. Lile la Mzee Issa sikulikumbuka, kwa hiyo sikujihoji. Kuanzia leo mahakama inahamia humu ndani, na mashahidi ni nyinyi."

Na ikahama. Siku hiyohiyo tulikaa kuipanga upya zamu. Yeye alieleza mambo ya bomba tupu na bomba lililojaa. Wenzetu wa laini wakataja matoleo ya njiani, yale matundu ya kutolea maji, yanayovujisha. Mimi nikasema pampu ndogo inaweza kuvumilia nini na nini haiwezi. Tukakubaliana kuziba matoleo ya njiani ili bomba libaki limejaa, na vijiji vya mwisho vipewe siku zinazofuatana badala ya siku moja moja. Mama Asha na wenzake waliomba wawe walinzi wa ile chemba waliyoivunja. Sikumbuki kama kufuli lake liliwahi kuguswa tena.

Zamu mpya ilipoanza, nilikuwepo Nalyonga. Asubuhi ya siku ya pili maji yalikuja yakiwa na nguvu, yakapiga chini ya ndoo ya kwanza kwa kishindo. "Medi! Medi!" watoto waliyaita maji kwa Kimakonde chao wakikimbia nyumba hadi nyumba. Mama Asha hakukimbia. Alisimama pembeni ya bomba akihakikisha hakuna anayeruka foleni.

Bosi wa wilaya alikuwa anasubiri majina. Mama Cuthbert alimpelekea jina moja: lake mwenyewe. Wakati ule wa punguzo, kumwambia mkubwa wako kwamba kosa ni lako ilikuwa kama kumpa kalamu akukate. Tulimsihi aseme kwa mzunguko. Alisema hajui kusema kwa mzunguko, akipita huko atapotea.

Bosi hakumfukuza. Alimvua usimamizi, "mpaka hapo itakapoamuliwa vinginevyo," na akanikaimisha mimi. Mimi! Mtu wa bisibisi.

Kesho yake asubuhi nilikuja kazini nikiwa sijui niingilie mlango upi. Nikamkuta ameshafika, buti miguuni.

"Baba Zuhura, shikilia hapo hapo usikimbie," alisema, akiniita kwa jina la binti yangu. "Leo nafanya kazi gani?"

"Mama, mimi siwezi kukupangia wewe kazi."

"Basi kituo hakina msimamizi, na pampu inavuja. Nipangie."

Nikampangia kufunga gasketi. Akafunga, vizuri, na mchana akaleta taarifa kwangu kama mfanyakazi yeyote. Sikuona hata mara moja akinirekebisha mbele ya watu, wala akinuna. Jioni nikamuuliza nifanye nini na ile mahakama.

"Iendeleze. Kigoda nakuachia. Ila usiulize kama wewe ni kiongozi mzuri. Watakuambia ndiyo, na hutakuwa umejifunza kitu. Uliza leo wameona nini ambacho wewe hukukiona."

Nikauliza. Siku za kwanza nilipata kimya kizuri sana, cha heshima. Nikamlalamikia kwamba hawasemi.

"Watasemaje? Unawauliza huku unaangalia saa."

Nilivua saa. Siku chache baadaye mmoja akaniambia natembea kituoni mikono nimeifunga nyuma kama mkaguzi wa shule, watu wanaogopa kuniita wakiona jambo. Iliniuma. Sikuwa nimejua kwamba mikono yangu inasema. Nikaifungua, nikaitia kwenye grisi, na wakaanza kuniita.

Shafti ilirudi kutoka Ndanda imechongwa vizuri hata tukaona haya kuitia uchafu. Tuliifunga sote, Mama Cuthbert akishika taa. Wakati huohuo mjini lilitokea jambo ambalo bosi wetu alilisimulia mwenyewe kwa miaka mingi. Kundi la wanawake liliingia ofisini kwake na vumbi la safari miguuni. Mama Asha akasema, "Sisi ndio wa Nalyonga. Vali tulivunja sisi. Tukamate sisi, Mama Cuthbert umrudishe."

Bosi alisema alikuwa hajawahi kuletewa wahalifu waliojileta wenyewe kwa miguu. Aliwapa maji ya kunywa, akawasikiliza, halafu akaomba wamweleze tena tangu mwanzo, maana mara ya kwanza alikuwa anatafuta karatasi. Naye alikuwa mtu, jamani. Wakati ule kila mkubwa alikuwa na mkubwa wake wa kumwogopa. Mvua za kwanza hazijanyesha, Mama Cuthbert alirudishwa kwenye usimamizi. Siku anarudi aliingia ndani, akakaa kwenye kigoda, akasema, "Haya. Nilipokuwa chini ya Baba Zuhura mmeona nini ambacho mimi sikukiona?" Wakamwambia. Walikuwa na mengi, na baadhi yake niliyasikia kwa mara ya kwanza.

Alituongoza miaka mingi baada ya hapo, mpaka alipostaafu akarudi kwao Masasi, na usimamizi ukaniangukia mimi tena, safari hii moja kwa moja. Nilikuwa nikimtembelea kila nilipopata safari ya huko. Alikuwa amedhoofika macho, lakini chai yake ilikuwa na tangawizi ileile. Wengine walipomtembelea aliwauliza habari za pampu. Mimi aliniuliza swali moja tu, kila mara, kabla hata sijaketi: "Wanakuambia?" Mwanzoni nilijibu, "Wanajitahidi, Mama." Alitikisa kichwa. Mwaka hadi mwaka jibu langu halikumridhisha, na kwa haki kabisa.

Mwezi nilioanza kuaga kazini nilikwenda kwake. "Wanakuambia?" akauliza.

Nikamsimulia. Jana yake tulikuwa kwenye kikao cha asubuhi, nikawa naelekeza jinsi ya kufungua laini mpya. Rehema, yule fundi msichana aliyeajiriwa juzijuzi, akasema kutoka nyuma, "Hapo umekosea, Baba Zuhura. Ukianza na vali ya chini, hewa itabaki juu." Nikatazama mchoro, nikaona amesema kweli, nikabadilisha, tukaendelea.

"Wengine walifanya nini?" akauliza Mama Cuthbert.

"Wengine?" Nilifikiri. "Hawakufanya kitu, Mama. Hakuna hata aliyegeuka kumtazama, kana kwamba ni jambo la kila siku."

Alicheka polepole, kile kicheko cha wazee kinachotoka tumboni, akapapasa meza mpaka akapata mkono wangu.

"Basi," alisema, "sasa unaweza kustaafu."